Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Migori, Ijumaa alasiri

Awuor wangu,

Umeenda kusukwa nywele, na ninavyomjua yule msusi wako hakuachilii kabla ya jua kuzama, kwa hiyo nina muda wa kukuandikia bila kuchungulia mlango. Niko maktaba, chumba cha watoto, nimekalia lile benchi fupi lililotengenezewa watoto wa nasari. Magoti yamenifika kidevuni. Nimefunga madirisha yote, nimewasha koroboi, na nje jua linawaka kama kawaida yake. Askari wa lango amebisha mara mbili kuuliza kama niko salama. Nimemwambia niko salama, ninaandika barua. Ameondoka akiguna.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume. Hayo nimeyasema tangu Krismasi mpaka nikifungua mdomo tu wewe unanimalizia. Leo nataka kujibu lile swali lako la Jumapili, tulipokuwa tunachambua maharagwe. Uliniuliza, "Mama, nitakaa vipi mbele ya watoto wa Kehancha na Kikuria sijui hata salamu?" Nikainama nikaendelea kutoa mawe. Ukadhani sikusikia. Nilisikia.

Halafu ukacheka, ukasema, "Lakini hata Dani alikuwa anajua Kiswahili neno moja tu. Chako. Ananiwekea njugu mkononi, anasema chako, basi. Na vile hakuwa ananipenda." Nikainuka, nikakwambia naenda kuanua nguo. Hakukuwa na nguo kwenye kamba, Awuor. Siku hiyo hatukuwa tumefua.

Nilisimama nje nikishika kamba tupu, nikiwa mwanamke mzima wa umri huu, nikilia kwa sababu ya njugu.

Mama yangu alikupenda. Naliandika wazi hapa juu ili usome mengine ukiwa unalijua. Umekua ukiamini kwamba Dani, nyanya yako wa pekee uliyemwona kwa macho, alikuwa mwanamke mkali asiyetaka kuzungumza nawe. Mimi ndiye niliyesababisha ukaamini hivyo, na nimekuacha uamini miaka yote hii. Kesho unaenda kukaa mbele ya watoto na kuwasimulia hadithi kwa lugha mbili, kazi yangu hii hii. Siwezi kukuacha uifanye kabla hujajua jinsi mimi nilivyoiharibu nyumbani kwangu mwenyewe.

Wacha nianzie mbali kidogo. Nilipomaliza shule niliitwa kwenye mahojiano ya ukarani. Nilikuwa nimetoka Lambwe na gauni la kuazima na viatu vilivyonibana. Wanaume watatu walikuwa wamekaa nyuma ya meza, na mmoja akanipa karatasi nisome kwa sauti: Shangazi ameshona mashati ya shule. Nikasoma kwa ujasiri wangu wote, "Sangazi amesona masati ya sule." Wakatazamana. Yule wa katikati akaniambia nirudie, nikarudia vile vile, maana masikio yangu hayakuwa yameona kosa. Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani akapangusa macho. Akasema mlangoni, "Leteni mwingine, huyu sh zake zimebaki ziwani."

Nilitembea mpaka stendi na ile karatasi mkononi. Njiani nikajifunza kusema sh, shh, shh, kama mtu anayefukuza kuku. Siku hiyo niliapa kwamba nikijaliwa mtoto, hatachekwa hivyo. Mtoto wangu atakuwa na sh.

Ulipozaliwa nikatimiza kiapo. Baba yako, Mungu amlaze pema, alikuwa na lori lake la tumbaku na alirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo lugha ya nyumbani ilikuwa uamuzi wangu. Ploti yetu ilikuwa na Wakisii, Waluhya, familia moja ya Kikuria, na Mama Zainabu wa chumba cha pili, aliyekuja na marehemu mumewe kutoka pwani kuuza leso na vitambaa. Lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Nikakuongezea Kiingereza kidogo cha vitabuni. Kijaluo nikakifungia nje. Ukiwa na miaka mitano ulikuwa unasema "shati" na "shangazi" mpaka Mama Zainabu anakupigia makofi. Mimi nilikuwa navimba kichwa.

Sasa angalia kichekesho cha Mungu. Hapa maktaba nilianza kama mfagiaji. Siku moja mkuu wetu akanikuta nimeshika ufagio kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine, nikisomea watoto watatu wa sokoni waliokuja kujikinga mvua. Nilikuwa nasoma kwa Kiswahili, nikiona wamenitolea macho narudia kwa Kijaluo. Hakunikaripia. Alisema, "Jumamosi hakuna anayetaka kuwashika hawa. Washike wewe." Ndivyo Saa ya Hadithi ilivyoanza. Watoto wa wengine niliwapa lugha mbili kila Jumamosi. Wangu nilimnyima moja, na sikuona ajabu yoyote.

Na hata hapo kazini sikuwa najua kazi. Nilisoma ukurasa mmoja Kiswahili, kisha ule ule Kijaluo, nikipokezana kama mtu anayeteka maji visima viwili. Watoto wa askari na wa wenye maduka walisikiliza nusu yao, ikifika nusu nyingine wakaanza kufinyana. Wale wa sokoni walifinyana nusu ya kwanza. Nikabaki kila Jumamosi na nusu ya chumba. Nikadhani shida ni vitabu.

Ule mwaka wa upepo mkali paa la mama yangu liling'oka kule Lambwe, na mpaka wajomba zako walipolirudisha, ilibidi aje kukaa nasi huku. Unajua mila yetu: mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Mama Zainabu akasema, "Aje kwangu. Mimi sina mkwe huku wa kuogopwa." Dani akawa analala kwa Mama Zainabu na mchana anashinda kwetu. Wale wawili hawakuwa na hata neno moja la kuelewana. Asubuhi unawakuta wamekaa kwenye mkeka mmoja wanakunywa chai ya tangawizi, mmoja anasema Kijaluo, mwingine Kiswahili cha pwani, wanacheka pamoja mahali pamoja. Sikuwahi kujua wanacheka nini.

Siku ya kwanza nilipomleta maktaba alikaa nyuma, karibu na mlango, miguu ameinyoosha. Nikamaliza hadithi, nikaanza kugawa vitabu vya kutazama picha, nikimpa kila mtoto na kumwambia, "Hiki chako. Na hiki chako. Hiki chako." Dani akaniita kwa Kijaluo. "Nyara," akaniuliza, binti yangu, "mbona unawaambia waanze, na hawaanzi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe sasa unakijua Kijaluo cha bwenini, utaelewa. Kwetu chako ni kuanza. Nikamweleza kwamba kwa Waswahili chako ni mali yako. Akalirudia neno mdomoni polepole, akatikisa kichwa, akasema, "Basi wana akili hao. Kitu kinakuwa chako ukishakianza."

Nikamwomba yeye asimulie. Mama yangu alikuwa na sigana, zile ngano zetu, nyingi kuliko rafu zote za chumba hiki. Akakataa katakata. Mchana! Mtoto anayesimuliwa sigana mchana hakui, atabaki kama kiti cha kukamulia. Nikamwambia huku ni mjini, maktaba hufungwa saa kumi na moja. Akasema mji haujabadilisha jua. Niliona aibu kidogo, nikaona pia hasira, maana mkuu wetu nilishamwahidi.

Aliyetuokoa ni Mama Zainabu. Nilipomweleza alifikiri kidogo tu, akasema, "Sasa si mfunge madirisha iwe usiku?" Jumamosi iliyofuata akaleta leso kumi na mbili za dukani kwake, tukazitundika kwenye kila dirisha hapa, na kwa leso moja nzito tukaziba chini ya mlango. Nikawasha koroboi, hii hii inayonimulikia sasa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Watoto wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Dani akatoka nje, akatazama jua, akarudi ndani, akafunga mlango kwa mkono wake, akasema, "Haya. Kumekuchwa."

Alisimulia ile ya kiboko aliyeazima manyoya ya kondoo ili aende arusini. Unaikumbuka kwa Kiswahili, nimekusomea mara nyingi kutoka kwenye daftari langu. Kiboko akapendeza, akacheza, akasifiwa, na mvua ikamnyeshea njiani akirudi. Manyoya yakalowa, yakawa mazito, akazama mtoni mpaka puani. Mpaka leo anakaa majini mchana kutwa kwa aibu, na usiku tu ndio anatoka, maana kondoo anamngoja ukingoni akiimba, "Duokna yiera, duokna yiera." Nirudishie manyoya yangu.

Mimi nilikuwa mkalimani. Alisema, nikatafsiri. Ilipofika kwenye wimbo nikataka kuutafsiri pia, Dani akaniwekea mkono mdomoni. Akauimba tena, na tena, na mara ya nne wajukuu wa Mama Zainabu, na wale Wakuria wawili, na mtoto wa askari kutoka Machakos, wote walikuwa wanaimba duokna yiera wakinyoosha shingo kama kondoo. Hakuna aliyefinya mwenzake. Miaka yote hii watu wamekuwa wakinisifu kwa namna ninavyoacha wimbo katika lugha moja na hadithi katika nyingine. Sikuibuni mimi. Niliwekewa mkono mdomoni.

Alipomaliza akasema lile neno la kufungia sigana: "Thu tinda!" Watoto wa sokoni wakaruka juu kwa kishindo, wakajibu kama wanavyojibu kwao, "Adong arom gi bao ma dala ka nera!" Nikue nilingane na mkaratusi ulio nyumbani kwa mjomba wangu. Hata wasiojua walibabaisha kitu. Wewe ulikuwa umekaa miguuni pake, kimya, umeshika leso yake.

Dani akakuinamia akakwambia kwa Kijaluo, "Jibu, nyakwara," mjukuu wangu, "usije ukabaki mfupi." Ukanitazama mimi. Na mimi nikajibu mahali pako. Nilisema, "Mama, huyu hajui Kijaluo." Na sikulisema kwa haya. Nililisema kama mtu anayesema mtoto wake hajawahi kuugua.

Dani akanitazama kwa upole, akasema, "Chako ema tek." Kuanza ndiko kugumu. "Nitamwanzisha mimi."

Akakuanzisha. Siku zile zilizofuata, nikiwa kazini, mlikaa kizingitini na bakuli la njugu. Akikuwekea njugu moja kiganjani unasema neno, ukisema neno unakula njugu. Nilikuwa nikirudi nakukuta na makombo kifuani na sikuuliza. Mpaka jioni moja ukanikimbilia ukiwa na furaha, ukasema, "Mama, kesho nataka kuvaa sati la sule."

Sati la sule.

Awuor, niliwaona wale wanaume watatu wamekaa jikoni kwangu. Niliisikia miwani ikivuliwa. Na wiki ile ndiyo uliyokuwa unaitwa kwa mahojiano ya darasa la kwanza kwenye ile shule ya kulipia, ambako walikuwa wanawasikiliza watoto wanavyotamka. Nikatoka nje nikamkuta mama yangu anapeta mtama. Nikamwambia, "Mama, nakuomba usiongee na mtoto. Unamharibu ulimi."

Akauliza, "Hata salamu?"

Nikasema, "Hata salamu. Mpaka mahojiano yapite."

Akaweka ungo chini. Hakubishana. Alikuwa mgeni katika nyumba ya mkwe, na wewe hujui mgeni wa namna hiyo anavyojibana. Siku ile ile akanyamaza. Ulikuwa ukimfuata, unamvuta gauni, anakupapasa kichwa na kutazama pembeni. Ukaja kuniuliza, "Dani amekasirika?" Nikakwambia amechoka.

Mahojiano yalipita na ulichukuliwa. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, si kwingine. Sikumwambia kwamba marufuku imekwisha. Nimejidanganya muda mrefu kwamba nilisahau. Sikusahau. Uliporudi kusema "shati" moyo wangu ulitulia, na nyumba ilikuwa na utulivu, nikaona yaache yalivyo. Alikaa nasi mwezi mzima zaidi, akiningoja nimfungulie mdomo, na mimi nikampita asubuhi na jioni.

Mama Zainabu ndiye aliyekuja kuniambia. Alisimama mlangoni na leso yake begani. "Mama Awuor, mimi na mama yako hatuna lugha, lakini kilio hakihitaji mkalimani. Analia kwangu kila siku akirudi. Umemfanya nini mzee wa watu?"

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kila mtu na nyumba yake.

"Haya," akasema. "Mwanao atakuwa na shikamoo iliyonyooka kuliko watoto wote wa Migori. Sijui atamwamkia nani."

Hatukusalimiana wiki nzima. Siku Dani alipoondoka kurudi Lambwe, Mama Zainabu ndiye aliyembebea mzigo mpaka stendi, mimi nikiwa nyuma nimeshika mkono wako. Alipokwisha kukaa garini, akanyoosha mkono dirishani akakupa njugu. Midomo yake ilicheza. Sikusikia alichosema kwa sababu ya kelele za utingo. Jumapili iliyopita ndiyo mara ya kwanza nimejua.

Lile neno, chako, alilisikia hapa, kwenye chumba hiki, nikiligawa pamoja na vitabu. Alikatazwa kusema na mjukuu wake kwa Kijaluo, na Kiswahili hakuwa nacho, basi akatafuta neno ambalo hata nikilisikia nisingeweza kugomba. Akakaa nalo. Nimejiuliza wiki nzima alikuwa akilisema kwa lugha gani. Pengine alikuwa anakwambia njugu hii ni yako, kwa Kiswahili chake, ili asivunje amri yangu. Pengine alikuwa bado anakwambia anza, kama zamani kizingitini, akingoja useme neno. Wewe ulikula njugu. Ulikuwa mtoto, ungefanya nini kingine? Mimi nakuomba msamaha kwa njugu hizo zote.

Bado sijafika penye ugumu. Nimesimama kidogo nikarekebisha utambi, si kwa sababu taa inafifia.

Ulikuwa na miaka saba tulipoitwa Lambwe. Paa jipya la Dani lilikuwa linang'aa na ndani kulikuwa na harufu ya dawa na moshi. Shangazi zangu walikuwa wamejaa. Aliposikia tumefika akasema uletwe karibu. Akakushika mkono akaanza kusema. Alisema kwa muda, akipumzika katikati. Kisha akanitazama mimi, nitafsiri.

Ukaniuliza, "Amesema nini, Mama?"

Nikakwambia, "Anasema usome kwa bidii."

Maneno yake yalikuwa mengi, yangu yalikuwa manne. Hata asiyejua Kiswahili aliweza kuhesabu. Dani alinitazama, Awuor. Alikuwa amesimulia mbele ya mkalimani huyu huyu chumba kizima cha watoto, akajua tafsiri ya kweli inachukua muda gani. Akaufumba mkono wako akaurudisha kifuani pako. Alfajiri yake hakuwepo.

Haya ndiyo aliyosema. Nimeyabeba bila kudondosha hata moja, nisije nikasema nilisahau.

Alisema, "Nyis nyakwara ni ahere." Mwambie mjukuu wangu nampenda. Mwambie sikunyamaza kwa hasira. Niliambiwa ninyamaze, na nyumba haikuwa yangu. Mwambie nilimhesabia maneno yake yote, yalikuwa yamefika kumi na tisa, na la mwisho lilikuwa kondoo. Mwambie siku akipata mtu wa kumfundisha, aanzie ishirini. Na umwambie lile jibu lake bado namngojea, kwa sababu sipendi abaki mfupi.

Kama ningekutafsiria, ungeniuliza nani alimwambia anyamaze. Shangazi zangu wote walikuwa pale. Niliogopa swali la mtoto wa miaka saba, nikaiba maneno ya mwisho ya mama yangu.

Ulipokuwa darasa la sita uliandika insha, Nyanya Yangu. Uliandika kwamba alikuwa mkali na hakupenda kuzungumza na watoto. Mwalimu aliisifu. Mimi niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia, na kila nikiifungua inaangukia mapajani. Ulipoenda bweni Homa Bay, wasichana wakakucheka kwa Kijaluo chako, ukarudi likizo ukaniuliza kwa nini sikukufundisha. Nikakujibu, "Hukuuliza." Nilikuacha ukachekwe kwa lugha yako kama mimi nilivyochekwa kwa ya wageni, na nilikuwa nimekukinga nini basi? Nilikuhamishia aibu tu kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule.

Sasa swali lako. Utakaa vipi mbele ya watoto na lugha yao huijui?

Utakaa ukiwa hujui, na waone hujui. Mtoto mdogo akigundua mtu mzima hana neno na yeye analo, anakaa wima kama aliyepewa ufunguo wa duka. Muulize hiki kwenu kinaitwaje. Litamke vibaya. Wataangua kicheko, na hicho kicheko hakitakuua. Mimi nilikiogopa maisha yangu yote na tazama kilichotokea. Watakurekebisha mpaka uchoke. Ukija mwezi wa nne nataka kusikia maneno yako kumi na tisa ya Kikuria.

Watafute nyanya zao. Lakini kabla hujaomba hadithi, uliza kwanza kwao nini ni mwiko, na ukiambiwa usicheke. Funga madirisha. Na uwaulize wanafungaje hadithi wakimaliza, maana lazima wawe na neno lao. Mimi silijui, miaka yote hii na watoto wa Kikuria wamekaa kwenye benchi hili, sijawahi kuuliza. Niandikie.

Kuna mtoto atakaa kimya wengine wakijibu. Kila chumba kina mmoja. Usijibu mahali pake. Mimi siku hizi nangoja mpaka wenzake wanaanza kuguna, mpaka mimi mwenyewe natoka jasho. Mara nyingine Jumamosi nne zinapita. Nikimwona anafungua mdomo namwona wewe, miguuni pa Dani, unanitazama.

Na ukisimama katikati ya watu wawili, mmoja akisema na mwingine akingoja, yaseme yote. Hata lile linalokushtaki. Hasa hilo. Mkalimani hana haki ya kuchagua, na hilo nimelijua kwa gharama uliyolipa wewe.

Sikuombi unisamehe leo. Una safari, na kusamehe si mzigo wa kufungiwa harakaharaka juu ya mwingine. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa lugha yoyote, sasa zote unazo.

Nikizima koroboi hii nitaifunga kwa gazeti niitie kwenye sanduku lako, kati ya sweta na ile leso ya bluu aliyokupa Mama Zainabu jana. Usiitupe hata kama wana stima huko. Nimefunga madirisha ili nikusimulie haya kwa namna ambayo Dani angekubali, maana hii ni sigana yake, na nje bado mchana. Sitaki tena kuvunja mwiko wake hata mmoja.

Nasikia askari anatikisa funguo, anataka kufunga. Wewe nawe utakuwa umekaribia kumaliza, na kichwa kinakuuma, na utakuja nyumbani ukinung'unika. Nitakupa chai na sitasema neno. Barua hii utaikuta pamoja na koroboi, ndani ya gazeti, ukishafika.

Ukiikuta, funga dirisha. Kuwe kumekuchwa. Nimefika mwisho, mama, na jibu lile limengojewa miaka mingi, kwa hiyo liseme kwa sauti, hata kama majirani wapya watashangaa. Hakuna tena wa kukukataza.

Thu tinda.

Kisa hiki, Awuor, chako.

Mamako,
Nyar Lambwe